Nilidanganya Kuhusu Vim

Ukitaka kuona watu wazima wakikosana bure, waweke madevelopa kumi kwenye chumba kimoja, waletee chai, halafu uulize swali moja tu: "Nyinyi huandikia programu zenu wapi?" Kisha toka polepole, urudi baada ya saa moja. Utapata chai imepoa na urafiki pia umepoa.

Kwa wale hawako kwa hii dunia yetu, acha niwaeleze haraka. Kuandika programu ni kuandika tu, kama vile uliandika insha shuleni. Unahitaji mahali pa kuandikia, na hapo mahali panaitwa edita. Kuna Vim. Kuna Emacs. Kuna VS Code. Kuna zile nzito za JetBrains. Kuna Notepad++. Kuna hata wasee wanatumia nano na wana amani yao. Zote kazi yake ni moja: unaandika, unahifadhi faili, unaendelea. Lakini vile watu huzitetea, ungedhani ni Gor na Ingwe wanacheza.

(Na kabla hamjaniuliza kwa nini nasema "programu" na si "kodi": mara ya kwanza nilimwambia mathe nimejifunza kuandika kodi, aliniuliza kama nimeajiriwa KRA. Tangu siku hiyo nasema programu.)

Mimi nimekuwa mmoja wa hao watetezi. Kwa zaidi ya mwaka mzima nilikuwa yule msee wa Vim. Mnamjua. Yule ambaye hamjamaliza kusalimiana na tayari amekuambia hatumii mausi. Leo nataka kusema kile ambacho sikuwahi kusema wakati huo, kwa sababu kuna mtu nilimuumiza nacho.

Turudi 2021. Zamu ya mathe kwenye chama ilifika, akanipa shilingi 14,000, akaniambia, "Hii ni ya hiyo kompyuta yako. Usinirudie." Nikashuka Luthuli. Nikazunguka maduka saa tatu nzima kama mtu anatafuta mchumba. Nikatoka na laptopu ya eksi-UK yenye RAM ya 2 GB, betri ya kukaa dakika arobaini, na ufa mdogo kwenye kifuniko. Muuzaji aliniambia, "Boss, hii ni mashini ya kazi." Hakudanganya. Shida ni kwamba hakusema ni kazi gani.

Kitu cha kwanza nilichoweka ni VS Code, kwa sababu kila mtu niliyemtazama YouTube alikuwa anaitumia. Na sitaki kuisema vibaya, ni edita nzuri sana. Microsoft waliitangaza 2015, ni ya bure, inakukamilishia maneno, inakuonyesha makosa kabla hujakosea vizuri. Lakini imejengwa juu ya kitu kinaitwa Electron, na maana yake ni kwamba ndani yake kuna brauza nzima inakimbia. Ukiifungua ni kama umefungua Chrome ya pili. Kwa laptopu yangu hiyo ilikuwa ni kumbebesha mtoto wa darasa la pili gunia la mahindi. Feni ililia kama lori linapanda Kinungi. Nilikuwa naandika herufi, nangoja, halafu inatokea. Naandika neno zima, naenda kuweka sufuria ya chai, narudi, neno limefika.

Binamu yangu mmoja aliona hayo mateso akaniambia, "Toa Windows. Weka Linux nyepesi. Halafu tumia Vim." Nikamuuliza Vim ni nini. Akacheka kile kicheko cha mtu anajua unaenda kuteseka.

Usiku wa kwanza niliingia Vim na nikashindwa kutoka. Sifanyi utani. Kila kitu nilichobonyeza kilifanya kitu kingine. Nikaishia kuchomoa betri. Baadaye nikajua siko peke yangu: mwaka wa 2017 Stack Overflow walitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka Vim limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Milioni! (Jibu, kwa yeyote ambaye amekwama huko sasa hivi na anasoma hii kwa simu: bonyeza Esc, andika :q! halafu Enter. Karibu nyumbani.)

Lakini nilirudi, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Vim ilifunguka papo hapo. Feni ilinyamaza kwa mara ya kwanza tangu ninunue hiyo kitu. Baada ya wiki kama tatu vidole vyangu vilikuwa vimezoea: h kwenda kushoto, j chini, k juu, l kulia. dd inafuta mstari. Manze, nilianza kuipenda kweli.

Sasa tufike kwa Jumamosi.

Kulikuwa na kikundi cha madevelopa tuliokuwa tunakutana kila Jumamosi, ghorofa ya nne kwenye jengo fulani Ngara. Kila mtu analeta mashini yake, tunasaidiana, tunakula samosa. Siku yangu ya kwanza nilikaa kwenye kona nikiwa nimegeuza laptopu ili ule ufa usionekane. Mbele yangu kulikuwa na msee ana MacBook inang'aa kama sahani ya wageni. Kando yake mwingine ana PyCharm imefunguka na madirisha manne. Kulikuwa na mmoja wa Emacs pia. Huwa kuna mmoja tu kila mahali, na huwa na ndevu.

Swali likaanza kuzunguka meza. "Wewe huwa unatumia nini?" Kila mtu anajibu, wengine wanabisha. Lilipofika kwangu nilikuwa nimekauka koo. Nikasema, "Vim."

Chumba kikanyamaza kidogo. Halafu mmoja akasema, "Heh. Huyu ni msee wa ukweli." Yule wa MacBook akageuka kunitazama, kwa heshima kabisa. Mwingine akaniuliza kwa nini, na hapo ndipo nilikuwa na nafasi ya kusema kitu rahisi sana: kwa sababu mashini yangu haiwezi kubeba kitu kingine. Badala yake nikasema, "Mausi hunipunguzia kasi."

Mausi yenyewe sikuwa nayo. Hata ile padi ya kugusa ilikuwa imekufa.

Siku hiyo niligundua kwamba umaskini ukiuvalisha vizuri unaweza kupita kama ustadi. Na kitu kama hicho kikishakufanyia kazi mara moja, hukiachi. Nikabandika stika ya Vim juu ya kifuniko, mahali pale pale penye ufa. Nikaanza kuongea kama mzee. VS Code? Hiyo ni ya wale wanaoanza. PyCharm? Hiyo inakufikiria, siku ikizimwa utajua hujui. Wakaniita Mzee wa Terminali na nilikuwa naitika.

Halafu Jumamosi moja akaja dada mmoja mgeni. Alikuwa ametoka Kayole kwa matatu mbili, hakuwa na begi la laptopu. Akaketi, akatoa simu, Android ya kawaida yenye skrini imepasuka pembeni, na kikibodi kidogo cha Bluetooth, akaanza kuandika. Swali likazunguka kama kawaida. Lilipomfikia akasema, "Mimi natumia simu."

Watu wakatazamana. Na mimi, mwenye RAM ya 2 GB, mwenye padi iliyokufa, mwenye stika juu ya ufa, nikafungua mdomo wangu nikasema, "Simu ni ya TikTok, dada. Ukipata mashini, rudi tuongee."

Watu walicheka sana. Na yeye alicheka pia, kidogo. Alikaa hadi samosa zikaisha, akakunja kikibodi chake, akasema anawahi gari kabla jam ianze. Hakurudi Jumamosi iliyofuata. Wala ile nyingine.

Ningependa kuwaambia kwamba nilijisikia vibaya siku hiyo hiyo. Sikujisikia. Nilikuwa nimechekesha watu, nikaenda nyumbani nimefurahi.

Kilichonigeuza kilikuja miezi kadhaa baadaye, na kilikuja kwa bahati. Stima ilipotea usiku, bando ilikuwa imeisha, na nilikuwa na zile dakika arobaini zangu za betri. Nikafungua Vim bila faili yoyote. Ukifanya hivyo inakuonyesha ukurasa mdogo wa kukukaribisha, na katikati ya huo ukurasa kuna mstari unaokuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Nilikuwa nimeuona huo mstari labda mara elfu moja. Sikuwahi kuusoma. Usiku huo, kwa kukosa kazi, nikaandika :help iccf nikabonyeza Enter.

Nikapata hadithi ya Mholanzi anaitwa Bram Moolenaar. Yeye ndiye alitengeneza Vim na kuitoa 1991. Na kwenye miaka ya tisini alikuja kujitolea Kibaale, mji mdogo kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akafanya kazi ya maji na usafi kwenye mradi wa kusaidia watoto. Ni sehemu ambayo UKIMWI ulikuwa umeua wazazi wengi. Aliporudi kwao hakuweka Vim bei. Alisema itumieni bure, na mkiipenda, toeni kitu kwa wale watoto. Bram alifariki Agosti 2023 na huo mstari bado uko.

Wasee, nilikuwa najigamba kwa kitu ambacho ndani yake kuna jina la jirani yangu, na kinaniambia kila siku nimkumbuke asiye nacho. Na mimi nilikuwa nakitumia kumfukuza asiye nacho.

Stima iliporudi nikaendelea kuchimba. Vim ilitokana na edita ya zamani inaitwa vi, ambayo Bill Joy aliiandika 1976 pale Berkeley, Marekani. Sehemu ya hiyo kazi aliifanyia nyumbani, akiwa ameunganishwa kwa modemu ya baud 300. Hiyo ni kama herufi 30 kwa sekunde. Mstari mmoja wa kujaza skrini ulikuwa unachukua karibu sekunde tatu kufika. Ndiyo maana amri zake ni fupi hivyo, herufi moja au mbili. Mtandao wake ulikuwa mbovu kuliko bando yako ya shilingi ishirini. Na zile h, j, k, l ambazo nilikuwa nazionyesha watu kama siri ya mabingwa? Terminali aliyokuwa anatumia, ADM-3A, ilikuwa imechorwa mishale juu ya hizo herufi nne. Basi. Hakuna siri.

Hata Emacs ina kisa chake. Zamani watu waliicheka kwamba ni nzito, wakasema jina lake ni kifupi cha megabaiti nane na bado inahangaika. Megabaiti nane! Hizo leo ni picha mbili tatu za simu. Kwa hivyo hiyo "nzito" na "nyepesi" tunayopigania inategemea tu ni mwaka gani na ni mfuko wa nani.

Nikamtafuta yule dada. Namba yake ilikuwa bado kwenye grupu ya WhatsApp, hakuwa amejitoa, alikuwa amenyamaza tu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nikatuma: "Habari, ni mimi yule wa Vim. Nilikukosea siku ile kwa maneno ya simu. Naomba msamaha."

Alijibu kesho yake jioni. "Ni sawa. Lakini hata mimi nilikuwa natumia Vim. Iko ndani ya Termux. Si ungeangalia tu skrini."

Nilisoma hiyo meseji nikiwa nimesimama kwa stejini, na gari langu likaniacha.

Termux, kwa wasiojua, ni programu ya bure inayokupa terminali ya Linux ndani ya Android. Unaweka Python, unaweka Git, unaweka Vim. Kila kitu nilichokuwa nafanya kwa laptopu, alikuwa anafanya kwa kioo cha inchi sita, na kimepasuka. Kama kungekuwa na msee wa ukweli ndani ya kile chumba, ni yeye.

Nikamwambia ukweli wangu wote. Zile 14,000, zile GB mbili, ile padi, ile stika. Akatuma emoji za kucheka. Halafu akaandika kitu ambacho bado kinanikera usiku: "Kwa hivyo sisi wawili ndio tulikuwa tumesota kwa hiyo chumba, na wewe ndiye ulinicheka."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nilimwomba arudi Jumamosi. Akasema ataona. Hajarudi. Anafanya kazi kwa duka la M-Pesa mchana, na usiku anaandika programu ya kuweka rekodi za michango ya chama cha mamake. Huwa tunatumiana maswali. Majibu yake mara nyingi ni mazuri kuliko yangu.

Jumamosi iliyofuata nilibandua stika mbele ya watu, nikawaonyesha ufa, nikawaambia kwa nini natumia Vim. Nilitarajia wanicheke. Yule wa MacBook akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Hii si yangu. Ni ya ofisi. Nikifutwa inarudi." Tulikuwa tumeketi naye zaidi ya mwaka mmoja.

Tangu hapo tumebadilisha swali. Hatuulizi tena "unatumia nini?" Tunauliza "unatumia nini, kwa mashini gani, kwa kazi gani?" Na manze, mazungumzo yamekuwa matamu. Sasa watu wanaambiana vitu vya kusaidia. Kama una 2 GB, weka Linux nyepesi, na ukitaka kujifunza Vim andika vimtutor, ni somo linakuja nayo na linachukua kama nusu saa. Kama una 4 GB, VS Code itaenda, lakini punguza nyongeza unazoweka na ufunge Chrome. Kama unataka kutengeneza programu za Android kwa Android Studio, chini ya 8 GB utalia. Kama una simu tu, Termux na kikibodi cha Bluetooth, na usiruhusu mtu yeyote akuambie hiyo si kazi.

Najua siku hizi vita vimehamia kwa AI. Sasa ukisema hutumii Cursor watu wanakuangalia kama ulikuja mjini juzi. Ni kitu kizuri, nimeijaribu, nayo imejengwa juu ya ile ile VS Code. Lakini mpango wake wa kulipia ni dola 20 kwa mwezi. Hiyo ni kama shilingi 2,600, na kuna watu wanasoma hii ambao hiyo ni nusu ya rent ya bedsitter. Kwa hivyo kabla umwambie mtu amebaki nyuma, jiulize kama unalinganisha edita au unalinganisha mishahara.

Bado natumia Vim. Nina laptopu ya 8 GB sasa, inaweza kubeba karibu chochote ninachotaka, na bado nairudia kwa sababu vidole vimezoea. Nikiulizwa kwa nini, naanza na Luthuli.

Haya, zamu yako. Unatumia nini, na ni kwa nini hasa? Ile sababu ya kweli, si ile ya kuambia watu.